Kila Ijumaa Narudi Ushongo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu hapa Tanga mjini, mwaka wa pili. Kwetu ni Ushongo, wilaya ya Pangani. Kila Ijumaa mchana napanda basi la Pangani, navuka mto hadi Bweni, nachukua bodaboda, na magharibi inanikuta nyumbani. Jumapili narudi na nazi, mihogo na ng'onda wa kunitosha wiki nzima.

Mama ni mchuuzi wa samaki. Bamvua likiingia anashuka mwambani kutafuta pweza, nami humsaidia, halafu tunakaanga na kupeleka Mwera kuuza. Maji yakiwa mafu hakuna kazi kubwa, tunakaa tu, lakini bado anataka nije. Husema: msichana anayelala mjini Jumamosi, na chuo kimefungwa, analala kwa nani? Mama hajawahi kufika ninapokaa.

Sasa wenzangu wa kundi hukutana Jumamosi kufanya kazi za pamoja. Mara mbili wamewasilisha bila jina langu. Wanasema sina mchango, na ni kweli. Mwenzangu ninayepanga naye chumba huku Makorora ana marafiki tele, mimi sina hata mmoja. Nimeandika barua ya kuomba kuhamia Dar es Salaam, ambako nyumbani kutakuwa mbali na hakuna atakayeniita kila wiki. Bado sijaipeleka. Nifanyeje?

Binti wa Ushongo

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako nikairudia, na kuna jambo limenihuzunisha kuliko hata hilo la kundi. Umetaja basi, mto, Bweni, Mwera, mwamba na pweza. Tanga, mji unamoishi mwaka wa pili sasa, umeitaja kwa mtaa unamolala tu. Hakuna mwalimu unayempenda, hakuna mahali unapokwenda kupunga upepo jioni, hakuna hata duka ambalo muuzaji anakujua jina. Unalala Tanga usiku wa siku za kazi, lakini hujaanza kuishi huko.

Kwanza tuimalize habari ya Dar es Salaam. Kule utadaiwa kodi ya chumba ya miezi sita kwa mkupuo, pengine ya mwaka, na ng'onda wa mama hawatakufikia kila Jumapili. Hayo ni ya fedha, na fedha hutafutwa. Kubwa ni kwamba mama yako hatabadilika kwa sababu safari imerefuka. Simu italia kila Jumamosi usiku, swali litakuwa lile lile la unalala kwa nani, nawe hutakuwa na jibu jipya la kumpa. Usipomwambia mama ukweli ukiwa Tanga, utamwambiaje ukiwa Dar?

Swali lake hilo lina ukali, najua. Linakuvunjia heshima, na msichana anayejitunza huumia kuulizwa hivyo na mzazi wake. Lakini hebu lisikilize tena. Mama hajui kufuli la mlango wako likoje. Hamjui mwenye nyumba, hamjui mwenzako wa chumbani, hajawahi kuona njia unayopita jioni ukitoka chuoni. Mtu asiyejua hujaza mwenyewe, na mama hujaza kwa hofu. Nawe kwa karibu miaka miwili umemtuliza kwa njia moja tu, ya kumpelekea mwili wako kila Ijumaa akuone. Ndiyo maana ukikosa wiki moja hofu yote inarudi palepale.

Mlete Tanga. Huo ndio ushauri wangu mkubwa, mwanangu, na mengine yote yanautegemea. Chagua wiki ya maji mafu, asipoteze biashara. Alale kitandani kwako usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, wewe lala chini. Mkutanishe na mama mwenye nyumba, wabadilishane namba mbele yako. Mpeleke chuoni hata kama madarasa yamefungwa, aone lango na aone umbali wake kutoka nyumbani kwako. Jumamosi alfajiri fuatana naye hadi diko la Deep Sea, aone samaki wanavyoshushwa na kunadiwa. Mchuuzi hawezi kupita pale bila kuuliza bei, na akishauliza bei na kubishana na mtu, Tanga kwake itakuwa mji wenye watu badala ya mahali pa kumpotezea binti.

Usimkabili peke yako, lakini. Una somo wako, yule aliyekufunda, au bibi ambaye mama humsikia. Nenda kwake kwanza, mweleze habari ya kundi na ya jina lako kukosekana, usifiche kitu. Yeye ndiye amwambie mama, nawe ukae pembeni hadi uitwe. Huko kwetu pwani jambo likipita kwa mtu mzima mama halioni kuwa ni binti anayemkaidi.

Kisha mpangilie safari kwa bahari anayoijua. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Hilo ungenifundisha wewe. Umesema mwenyewe kuwa maji yakiwa mafu mnakaa tu. Basi mwambie mama: bamvua nakuja, tushuke mwambani pamoja, maji yakifa nabaki kusoma. Nusu ya safari itaondoka na nguvu kazi yake haitapungua, na nauli ya basi, ya kivuko na ya bodaboda kwenda na kurudi itabaki mkononi mwako. Wiki ya kuwasilisha au ya mitihani ikigongana na bamvua, mjulishe mapema na ubaki chuoni.

Sasa nikuambie lako wewe. Ushongo unarudi kwa ajili ya mama, ndiyo, lakini unarudi pia kwa sababu kule unajulikana. Kila nyumba wanakuita kwa jina. Tanga inakubidi uanze: umsalimie usiyemjua, ukubali kuonekana mgeni, ukae kwenye kundi ambalo limeshazoeana. Hilo ni gumu na hakuna aliyekufundisha. Hata mama akikuruhusu kesho, Jumamosi ya kwanza mjini itakuwa ndefu na utatamani stendi.

Ijaze. Asubuhi nenda maktaba ya mkoa, hata kabla hujaelewana na wenzako. Siku nyingine ingia makumbusho ya Urithi Tanga, katika Boma la zamani, uangalie zile picha kuukuu kwa jicho la kazi yako: zimehifadhiwa vipi, zimeandikwa nini chini yake, nani atazitambua baada ya miaka hamsini. Kazi unayosomea ina wazee wake huko huko. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909, akaenda kusoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha, na Pangani ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Baadaye alifanya kazi katika ofisi za serikali Tanga hadi 1960. Mshairi tunayemheshimu hivyo aliishi kwa mshahara wa kushika majalada. Kaburi lake liko Machui, upande huo huo wa njia yako ya Pangani, na mbele kidogo iko Tongoni, yenye magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine ya nguzo. Umepita huko kila wiki ukiwahi kivuko. Shuka siku moja, na usishuke peke yako. Mwombe yule mwenzako wa chumbani mfuatane. Mtu mwenye marafiki tele si mchoyo wa kuongeza mmoja, nami nashangaa hujamwambia unavyojisikia ilhali mnalala chumba kimoja.

Kuhusu kundi, hawakukuonea. Umekiri mwenyewe, na nimependa ukweli wako. Waombe radhi kwa maneno machache, bila kusimulia habari za mama, halafu chukua ile sehemu ya kazi ambayo kila mtu anaikwepa, ya kuchapa na kupanga marejeo. Wakikubali, waalike Jumamosi moja wakutane chumbani kwako, uwapikie ng'onda kwa nazi. Wengi wao wanaishi kwa chai na chapati, watafika mapema.

Barua ya uhamisho iweke hadi mama awe amekuja na kurudi. Kiongozi wa kundi mwone Jumatatu hii kabla ya kipindi cha kwanza, uso kwa uso, si kwa ujumbe wa simu.