Ticha, Waliionaje?

Nikiwa fildi Hombolo, nikifundisha kemia kidato cha tatu, nilifika elementi namba 118, oganesoni. Nikasema inadumu chini ya elfu moja ya sekunde. Binti mmoja wa nyuma akauliza: "Sasa ticha, waliionaje?" Nikasema tutaendelea kesho. Ukweli nilikuwa nimekariri tu.

Usiku nikasoma. Kule Dubna, Urusi, watafiti wa huko na Wamarekani wa Livermore walipiga kalifoniamu (protoni 98) kwa kalsiamu (protoni 20). Jumlisha mwenyewe. Mabilioni ya mabilioni ya kalsiamu yalipita bure. Mwaka 2006 wakatangaza atomi tatu, pengine nne.

Atomi yenyewe hawakuiona. Ilinasa kwenye kitambuzi cha silikoni, ikarusha chembe ya alfa, yaani protoni 2 na nyutroni 2. Ikabaki 116. Ikarusha tena, 114. Tena, 112, nayo ikapasuka vipande viwili. Yote mahali palepale, kila mrusho na nishati yake. Hatua za chini zilishajulikana kwa majaribio mengine, kwa hiyo ukihesabu kurudi juu unafika 118.

Asubuhi nilianzia Bahi, hapahapa Dodoma, walikotafuta urani. Urani 92 ikirusha alfa inabaki thoriamu 90, ila nusu yake huchukua miaka bilioni 4.5. Yule binti akaja ubaoni, akashuka mwenyewe hadi 112.

"Na hii mbona imepasuka?"

Safari hii nilikuwa na jibu: protoni zimejazana, zinasukumana.