Maumivu ya Kifua kwa Mzazi: Mwongozo kwa Wakunga, Wauguzi na Madaktari wa Zamu

Mama aliyejifungua karibuni akilalamika kifua kubana, maumivu yanayopanda shingoni au kushuka mkononi, kukosa pumzi au kutoka jasho jembamba, apimwe ECG ndani ya dakika 10 tangu afike. Asiambiwe kwanza kwamba ni gesi, vidonda vya tumbo au uchovu wa kulea. Kuwa kijana, asiyevuta sigara na mwenye presha nzuri hakumwondolei hatari. Ugonjwa wa kuchanika kwa mshipa wa moyo huwapata hasa wanawake wa namna hiyo.

Katika ugonjwa huu, ukuta wa mshipa unaoulisha moyo huchanika au kuvuja ndani kwa ndani. Damu hujaa kati ya tabaka zake na kuubana mshipa, bila mafuta yaliyoganda kuhusika. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake. Kwa wazazi hutokea zaidi mwezi wa kwanza, hasa juma la kwanza, wakati wengi wameshatoka wodini.

ECG ya kwanza ikiwa safi, usimruhusu kwenda nyumbani. Irudie kila baada ya dakika 15 hadi 30 maumivu yakiendelea, na upime troponini zaidi ya mara moja. Troponini iliyopanda isisingiziwe uchungu wa kuzaa. Fikiria pia donge la damu mapafuni, kuchanika kwa mshipa mkuu wa damu, moyo kutanuka baada ya uzazi, na kifafa cha mimba. Uliza kama alichomwa ergometrini, maana nayo hukaza mishipa ya moyo.

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika kwenye dawa. Streptokinesi na nyingine za kuyeyusha damu iliyoganda zinaweza kuendeleza mchaniko; ukiushuku, usizitoe kabla ya kuongea na daktari bingwa wa moyo.

Uhakika hupatikana kwa angiografia, ambayo kwa Tanzania hufanyika, miongoni mwa kwingine, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mara nyingi mchaniko wenyewe hauonekani; huonekana mshipa uliosinyaa kwa urefu, na asiyeutarajia huupita. Mishipa mingi hupona yenyewe, lakini mgonjwa abaki hospitalini siku kadhaa chini ya uangalizi, kwani mchaniko unaweza kuongezeka.

Kwa hiyo, ukimpa mgonjwa rufaa ya angiografia, juu kabisa ya barua ya rufaa, kabla ya jambo lingine lolote, andika tarehe aliyojifungua, ili atakayempima autarajie mchaniko huo.