Kabla Hujanunua Mbuzi wa Kupeleka Uarabuni

Beberu aliyefungwa kamba kwenye mnada wa Longido ana bei mbili. Moja anaitaja dalali huku akimbinya mbavu kupima nyama. Nyingine imo kwenye karatasi ambazo dalali hana: cheti cha afya, orodha ya machinjio yaliyokubaliwa na nchi inayonunua, tangazo la karantini, kanuni ya ushuru. Wengi wanaoingia kwenye biashara ya nyama ya nje wanaijua barabara bei ya kwanza, kisha ya pili inawafilisi. Kama umepata mtaji kidogo, umeona ndege zikipeleka nyama ya mbuzi Ghuba, nawe unataka kunenepesha mifugo kwa soko hilo, jifunze kwanza kusoma karatasi.

Anzia mwisho wa safari, urudi nyuma hadi zizini. Oman, Qatar au Saudia haifungulii mlango nyama yoyote iliyotoka Tanzania. Inanunua nyama ya machinjio ambayo imeyakubali, iliyochinjwa kihalali, yenye cheti cha halali na cha daktari wa mifugo wa serikali. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya mbuzi, iulize Bodi ya Nyama au ofisi ya mifugo ya wilaya yako: machinjio gani yana kibali cha nchi ninayoitaka, na kibali hicho kinaisha lini? Kisha pima umbali. Mbuzi akikaa kwenye lori siku nzima bila maji anapungua uzito, na hasara hiyo ni yako. Uliza pia umbo wanalolitaka. Wanunuzi wengi wa Ghuba wanapenda mbuzi na kondoo wadogo, nyama laini isiyo na mafuta mengi. Usimlishe mashudu miezi minne mnyama ambaye mnunuzi atamkataa kwa ukubwa wake.

Sasa magonjwa, na hapa nakuomba usome taratibu. Jirani zetu Wasomali wamekuwa wakivusha mbuzi na kondoo kutoka bandari ya Berbera kwenda Saudia tangu enzi za mababu. Mwaka 1998, baada ya homa ya Bonde la Ufa kuzuka Afrika Mashariki, Saudia ikawafungia mlango. Ukafunguliwa, kisha mwaka 2000 ugonjwa ukaonekana Saudia kwenyewe na Yemen, ukafungwa tena. Safari hii zuio lilidumu hadi 2009. Fikiria familia ambayo utajiri wake wote unatembea kwa miguu minne, na soko lake kuu limefungwa miaka tisa kwa uamuzi uliotolewa ng'ambo ya bahari.

Homa hiyo ina tabia inayojulikana: hufuata mvua kubwa, mbu wanapozaliana kwenye maji yaliyotuama. Ilikuja na mvua za 1997 na 1998, ikarudi 2006 na 2007 hapa kwetu na Kenya. Basi Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza El Niño, lichukue tangazo hilo kama habari ya soko. Chanja mapema, kabla mvua hazijaanza, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, kwa maana ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikipita mnyama hadi mnyama inaweza kuueneza. Punguza idadi ya wanyama unaowashikilia kwa soko la nje msimu huo. Na usichukue mkopo ambao marejesho yake yanategemea shehena ya mwezi wa mvua.

Ugonjwa wa miguu na midomo hauui ng'ombe wengi wakubwa, lakini unaua biashara. Botswana ililielewa hilo mapema. Ilianzisha Botswana Meat Commission mwaka 1965, ikajenga uzio mrefu kugawa nchi kwa kanda, ikaweka karantini na utambuzi wa mifugo, hatimaye ikauza nyama Ulaya. Gharama yake ilikuwa kubwa, na wanyamapori walikufa kwenye nyaya hizo wakitafuta maji, jambo ambalo sitalipamba. Lakini tazama: ng'ombe wa Botswana hawafiki hata moja ya kumi ya wetu, nasi tuna zaidi ya milioni 30. Wingi wa mifugo haujawahi kumridhisha mkaguzi. Anachotaka ni kujua mnyama huyu alizaliwa wapi, alipita wapi, alichanjwa lini.

Ndiyo maana naitetea hereni ya utambuzi inayovikwa sikioni mwa mnyama, ingawa najua imeleta manung'uniko vijijini, hasa pale mfugaji alipotozwa pesa bila kuona faida. Usingoje kulazimishwa. Weka daftari: namba ya kila mnyama, alikonunuliwa, tarehe ya chanjo, kibali cha kumsafirisha. Uruguay ililazimisha utambuzi wa kila ng'ombe mwaka 2006, na leo nchi hiyo ndogo inauza nyama duniani kote. Daftari lako ni mwanzo wa njia hiyohiyo.

Mwaka huohuo wa 2006 Argentina ilifanya kinyume. Bei ya nyama ilipanda mjini, serikali ikazuia kuuza nje ili mwananchi ale kwa bei nafuu. Nia yenyewe naielewa. Lakini wafugaji walipoona faida imekatwa, na ukame ukaja juu yake, walichinja hadi majike ya kuzalia, wengine wakageuza malisho kuwa mashamba ya soya. Katika miaka michache kundi la nchi lilipungua kwa takriban ng'ombe milioni 10. Kwako somo ni hili: ukisikia kelele za bei ya nyama buchani na wabunge wakianza kuzungumza, jua zuio au tozo linaweza kufuata. Uwe na mnunuzi wa ndani wa kudumu, hoteli au bucha, anayechukua hata theluthi ya wanyama wako, hata kama analipa kidogo.

Usisahau ngozi. Kenya na Tanzania zimeweka ushuru mkubwa kwa ngozi ghafi inayotoka nje, ili viwanda vya ndani vipate malighafi. Viwanda ni vichache, bei ya dunia nayo imeshuka, na ngozi nyingi zinatupwa. Ukipiga hesabu ya mbuzi, andika ngozi kuwa sifuri.

Ukifika kwenye mkataba, uza kwa kilo, kwa mzani unaouona. Dai kiandikwe kifungu kinachosema mlango wa soko ukifungwa wanyama wakiwa tayari machinjioni, nani anabeba gharama ya chakula na ya chumba cha baridi. Mnunuzi akikataa kukiandika, mpelekee mbuzi wachache tu kwanza, wale ambao hata ukiwauza kwenye mnada wa Pugu kwa bei ya pale, ada ya shule ya watoto haitaguswa.