Usimalizane Nyumbani: Kijitabu cha Kumlinda Mtoto kwa Kaya za Arusha na Meru

Kinamhusu nani
Kila mtu mzima wa Ngarenaro, Unga Limited, Sakina, Ngaramtoni, Tengeru, mpaka vihamba vya juu Meru. Hata kama huna mtoto.

Anayemdhuru
Mnamwogopa mtu baki wa stendi. Wanaoletwa kwetu zahanati wengi wamedhuriwa na mtu wa karibu: baba mdogo, mpangaji wa chumba cha nyuma, bodaboda wa shule, mwalimu wa tuisheni. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Mvulana pia, msisahau.

Usimalizane
Hili ndilo linalotuchosha. Mtoto anaumizwa Jumamosi, siku ya gulio la Tengeru, mama hayupo. Jumapili wazee wanakaa. Anaitwa kiongozi wa mila, mshili au laigwanani. Mbuzi anatajwa, pombe inanywewa, watu wanapeana mikono. Mtoto hakuulizwa neno. Wiki ya pili analetwa zahanati, analia akikojoa, na mama anasema "alianguka". Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Saa zimepita, mbuzi ameshaliwa.

Usimalizane kwa sababu mkosaji ni ndugu. Usimalizane kwa sababu ndiye anayelipa ada. Usimalizane kwa kuogopa binti atakosa mchumba. Wazee tunawaheshimu kwenye mipaka ya mashamba na mahari. Hili si lao. Kwa ubakaji, sheria ya 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30. Mbuzi hayumo.

Saa za mwanzo
Usimwogeshe. Usifue nguo zake. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Usimhoji kama hakimu: msikilize, mwambie hana kosa. Usimsimamishe mbele ya mkosaji "aseme tena". Nenda hospitali hata usiku. Fomu ya matibabu, PF3, hutolewa polisi, na huko ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, lakini matibabu yasisubiri karatasi. Na usimalizane njiani: shemeji atapiga simu mkiwa bado kwenye daladala. Usipokee.

Viboko
Mtoto anayechapwa kwa kuvunja kikombe hatakuja kukwambia kwamba mjomba alimshika.

Ukeketaji
Kumkeketa mtoto ni kosa tangu 1998, na kumkeketa akiwa mchanga ili isijulikane ni kosa lilelile.

Jirani
Ukisikia mtoto wa chumba cha pili analia kila usiku, kusema si umbeya. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii jukumu la kutoa taarifa kwa serikali ya eneo lake. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji au afisa ustawi wa jamii. Au piga 116, ni bure. Mwenyekiti akikujibu "kayamalizeni nyumbani", mshukuru, kisha nenda polisi.

Baada ya kuripoti
Ndugu watakuja jioni, wengine na machozi. Usimalizane. Waambie kesi iko polisi, wakaongee huko. Mtoto asilale nyumba moja na mtuhumiwa, hata usiku mmoja. Dawa za kuzuia VVU humezwa siku 28 bila kuruka. Akizitapika, mrudishe kliniki siku hiyohiyo.