Shabaha Huanzia Miguuni

Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024 jijini Paris, Yusuf Dikeç wa Uturuki alivuma duniani kote kwa kulenga shabaha huku mkono mmoja umo mfukoni. Wengi walidhani ni maringo. La hasha! Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walitwaa nishani ya fedha, na ule mfuko ulikuwa na kazi yake.

Katika mchezo huu mlengaji husimama mita 10 kutoka kwa shabaha, akashika bastola ya hewa kwa mkono mmoja bila kuegemea kitu. Kiduara cha alama 10 kina upana wa milimita 11.5 tu. Hebu piga hesabu: mkono ukipotoka kwa digrii 1, risasi hukosea kwa zaidi ya sentimita 17. Karatasi nzima ya shabaha ina upana wa sentimita 17! Yaani umepiga ukuta.

Basi husimamaje? Miguu hutanuliwa kadiri ya mabega, na mwili hugeuzwa ubavu, bega la mkono wa bastola likielekea shabaha. Magoti yanyooke lakini yasikazwe. Bastola huuvuta mwili mbele, kwa hivyo walengaji wengi hurudisha mabega nyuma kidogo ili uzito ubaki katikati ya nyayo mbili (wanafunzi wa Fizikia mnaelewa). Mkono mtupu nao ukining'inia utayumba na kukuyumbisha, ndiposa hutiwa mfukoni au mshipini.

Sasa jambo ambalo mimi naona ndilo kubwa. Simama hivyo na chupa ya maji ya lita moja mkononi. Tazama alama ukutani, funga macho, inua mkono, tulia, kisha fungua macho. Kama mkono umeelekea kushoto, usiuvute kulia! Misuli ikilegea itaurudisha palepale. Sogeza mguu wa nyuma kidogo upande huohuo wa kushoto, na mwili mzima utageuka kulia wenyewe. Jaribu tena, kumbe mkono umenyooka!

Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria, aliharibiwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938. Alihamia mkono wa kushoto, bega la kushoto likawa ndilo la mbele, akashinda dhahabu mjini London mwaka 1948 na tena Helsinki mwaka 1952.