Mtoto Akinenepa, Baba na Mama Wasemeje?

Siku moja baada ya Misa ya Jumapili simameni kidogo nje ya kanisa, msikilize salamu wanazopewa watoto. Shangazi anambana mtoto shavu: "Wewe umenona hivi, mama anakulisha nini?" Mzee mmoja anaongeza: "Huyu ndiye anayemaliza ugali wote wa nyumba." Watu wanacheka, na mtoto mwenyewe anacheka kwa sababu hana la kufanya. Pembeni yake amesimama mtoto mwingine aliye mwembamba, na yeye anaulizwa mbele ya watu kama kwao hakuna chakula. Wasemaji hawana nia mbaya. Kwao hiyo ni salamu tu.

Katika somo letu la leo tutaangalia unene wa watoto, na zaidi ya hapo, maneno tunayoyasema sisi watu wazima juu ya miili yao. Kwa kuwa ukurasa huu ni wa mume na mke, tutaona pia jinsi jambo hili linavyoanzia katika mazungumzo yenu ninyi wawili, kabla halijamfikia mtoto.

Tusiwalaumu wazee wetu kwa kupenda mtoto mnono. Walio na umri wa kutosha wanakumbuka ukame wa mwaka 1984 na yale mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo. Wanakumbuka watoto wenye kwashiakor, tumbo limevimba na nywele zimebadilika rangi. Baadaye ikaja miaka ya Ukimwi, ambapo mtu akikonda majirani walianza kunong'ona. Mtoto mwenye mashavu alikuwa ushahidi kwamba nyumba hiyo ina amani na chungu kiko jikoni. Neno "amenona" lilikuwa baraka, na katika nyumba nyingi bado ni baraka.

Tena njaa haijatuacha. Uchunguzi wa afya na watu uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 18 walikuwa wamedumaa, na 3 tu ndio waliokuwa na uzito uliozidi. Kwa hiyo mtu akisema kwamba unene si shida ya kwanza ya watoto wetu wadogo, amesema kweli. Lakini hesabu hiyo inaishia kwenye miaka 5. Mwaka 2025 shirika la UNICEF lilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza ulimwenguni, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia wamekuwa wengi kuliko wale wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 dhidi ya asilimia 9.2. Afrika kusini ya Sahara ilikuwa bado haijafika hapo. Hata hivyo, anayeishi mjini, au hata katika soko dogo lenye kibanda cha chipsi, anaona njia inakoelekea.

Sasa, mtoto hunenepaje? Wengi hujibu upesi: kwa ulafi na uvivu. Jibu hilo ni la haraka mno. Mtoto wa miaka 8 haendi sokoni wala hajui bei ya mafuta ya kupikia. Anakula kinachonunuliwa na kupikwa na sisi. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi, yaani vijiko vya chai 7 au 8. Ongeza chai ya asubuhi yenye vijiko 3, mandazi, juisi ya pakiti iliyowekwa kwenye mkoba wa shule, na biskuti alizoletewa jioni. Zamani mtoto alikula githeri, kisha akatembea kwenda shule, akachota maji, akacheza kati na kuruka kamba mpaka giza liingie. Leo gari la shule linamchukua mlangoni. Ploti haina hata nafasi ya kuanikia nguo, sembuse kucheza, na barabara ina bodaboda na matatu. Mama anaogopa, na ana haki ya kuogopa, hivyo mtoto anapewa simu akae ndani. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kila siku za kuuchangamsha mwili. Jiulizeni wa kwenu anapata ngapi.

Usingizi nao husahauliwa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala. Anayelala saa tano usiku akitazama televisheni na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri amelala saa 6 tu, na mtoto mwenye usingizi haba huwa na hamu kubwa ya kula. Pia kuna urithi: watoto wawili wa tumbo moja, sahani moja, mmoja akanenepa na mwingine asinenepe. Mara chache kuna ugonjwa, au dawa inayoongeza uzito. Mambo hayo yote hayatokani na tabia mbaya ya mtoto.

Jambo lingine ni kwamba macho yetu hudanganya. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufika kilo 9 hivi anapotimiza mwaka 1. Baada ya hapo huongeza kilo 2 hivi kwa mwaka, na katikati ya miaka 2 na 6 mwili wake kwa kawaida huwa mwembamba zaidi. Hapo ndipo nyanya husema, "Mtoto amekonda!" na mama huanza kumlisha kwa nguvu mtoto asiye na tatizo lolote. Baadaye msichana anapokaribia kubalehe, akiwa na miaka 10 au 11, mwili wake huongeza mafuta kabla ya kimo kumalizika. Mungu aliuumba hivyo. Hapo tena watu wazima hupiga kelele, safari hii wakisema amenenepa. Kliniki ya watoto hupima uzito na kuandika kwenye kijitabu mpaka miaka 5, kisha kijitabu hutupwa kabatini. Msipime mtoto kwa kumlinganisha na wa jirani, wala kwa majedwali ya watu wazima. Mpelekeni kwenye kituo cha afya apimwe uzito na kimo, halafu vilinganishwe na umri wake. Mkiona anakoroma sana usiku, analalamika magoti, anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, au ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na nene kama mahameli, msingoje. Kisukari na shinikizo la damu havisubiri tena mtu awe mzee.

Hebu sasa tuje kwenye maneno. Katika jumuiya moja ndogondogo ninayoifahamu kulikuwa na mume na mke wenye binti wa miaka 11. Baba alimwita "Kibonge" tangu akiwa mchanga, kwa mapenzi. Binti alipokua, jina likaanza kutumika mezani: "Kibonge, acha chapati, umetosha." Mama alikasirika, na baba alipotoka akampa binti chapati mbili zaidi ili kumfariji. Nyanya, ambaye waliishi naye, alimpa yake pia. Muda si muda binti akaacha kula chakula cha mchana shuleni. Wazazi wakafurahi kwamba amejirekebisha. Kisha siku moja mama, akitandika kitanda, alikuta chini ya mto kikombe cha sukari na kijiko. Mtoto alikuwa akishinda na njaa mbele ya watu, na kula gizani.

Si binti huyo peke yake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani walitoa taarifa juu ya vijana zaidi ya 2,000 na wazazi wao. Vijana ambao wazazi wao waliwazungumzia uzito na ukubwa wa mwili walionekana zaidi kujinyima chakula na kutumia njia mbaya za kupunguza mwili. Kwa vijana wenye uzito uliozidi, wale ambao mama zao walizungumza juu ya chakula bora tu, bila kutaja uzito, walikuwa na matatizo hayo kwa kiasi kidogo. Ni kweli kwamba taarifa kama hiyo haithibitishi kwamba maneno ndiyo chanzo, maana mzazi huenda alianza kusema baada ya kuona tatizo. Lakini kwangu inatosha kutufanya tuufunge mdomo. Mtume Paulo aliwaonya akina baba wa Kolosai wasiwachokoze watoto wao hata wakavunjika moyo, na sidhani kwamba kumwita mtoto "Kibonge" mezani kuna jina lingine.

Ninapozungumza na wenye ndoa, naona kwamba ugomvi juu ya mwili wa mtoto mara nyingi ni ugomvi mwingine uliovaa nguo za mtoto. Mume anamwambia mke, "Wewe ndiwe unayemharibu," lakini moyoni analalamika kwamba nyumba inaendeshwa bila yeye. Mke anamjibu, "Kwenu wote ni wanene," na hapo ukoo mzima umetukanwa mbele ya mtoto aliyeurithi mwili huo. Yuko pia baba anayefanya kazi mbali, anayerudi Ijumaa na mfuko wa chipsi na soda. Siwezi kumcheka. Hajui njia nyingine ya kusema kwamba aliwakumbuka. Mama akiukataa mfuko huo mlangoni, baba husikia kwamba yeye mwenyewe amekataliwa. Na yuko mume anayemtania mke wake kuhusu kiuno chake wakati binti anasikiliza. Binti huyo amekwisha kujifunza kinachomngoja akiongeza kilo.

Kwa hiyo zungumzeni kwanza ninyi wawili, watoto wakiwa wamelala. Msiulizane ni nani aliyemnenepesha. Ulizaneni: nyumba yetu inakula nini, inalala saa ngapi, inacheza wapi? Mke anaweza kusema, "Baba watoto, ile soda ya Ijumaa naomba tuibadilishe. Uwaletee ndizi au machungwa, kisha uende nao uwanjani Jumamosi. Wanakungoja wewe kuliko mfuko." Mume naye anaweza kusema, "Mama watoto, najua umechoka jioni. Nitakuja mapema tusaidiane kupika, tuache kununua chipsi." Hakuna katika maneno hayo aliyeitwa mnene.

Mkikubaliana, badilisheni kwa nyumba nzima. Kumpimia mmoja chakula huku ndugu zake wakila watakavyo ni kumtenga, na atajua. Sukari ya chai ipungue kwa wote, pamoja na baba. Maji yawekwe mezani badala ya soda, na soda ibaki ya sikukuu. Maharagwe, ndengu, sukuma wiki, omena, nduma na viazi vitamu si vyakula vya umaskini. Ni vyema kuliko vingi vinavyouzwa kwenye karatasi zenye picha. Chakula kisiwe zawadi wala adhabu, na mtoto asilazimishwe kumaliza sahani akiwa ameshiba. Wala msimwekee mtoto sharti la kupoteza kilo. Kwa watoto wengi wanaoendelea kukua, wahudumu wa afya huridhika uzito ukikaa palepale huku kimo kikiongezeka. Kumnyima chakula mtoto anayekua, au kumnunulia dawa za kukondesha zinazouzwa mitaani, ni hatari.

Nyanya aendewe kwa heshima, na mtoto wake wa kuzaa ndiye amwendee, si mkwe. "Mama, daktari ametuomba tupunguze sukari kwa watoto wote, nasi tunahitaji msaada wako." Mpeni kazi nyingine ya upendo: awafundishe kupanda mboga, awasimulie hadithi jioni. Katika nyumba ile niliyoitaja, nyanya ndiye aliyeacha kwanza kulitumia lile jina. Baba alichukua muda, mazoea yana taabu. Mama hakumkemea binti kwa sababu ya kikombe. Alikirudisha jikoni, akaanza kula naye kiamsha kinywa kila asubuhi, na wiki ya tatu binti akamweleza mwenyewe walivyokuwa wakimwita darasani.

Mtoto wenu akirudi akilia kwamba ametaniwa, msimwambie, "Basi punguza kula." Msikilizeni mpaka amalize, kisha mzazi mmoja aende akaonane na mwalimu bila kelele. Na shangazi wa nje ya kanisa? Msimwaibishe. Geuzeni tu mazungumzo: "Shangazi, umesikia alivyoimba leo?"

Maswali ya kuzungumzia mume na mke

Wiki hii tulitaja mwili wa mtoto mara ngapi, wake au wa mtu mwingine mbele yake? Kuna jina la utani nyumbani kwetu ambalo mwenyewe hakulichagua, na je, tumewahi kumwuliza analionaje? Kati yetu, ni nani anayetumia chakula kumtuliza mtoto, na anamtuliza kwa huzuni ipi? Mara ya mwisho mtoto wetu aliye juu ya miaka 5 alipimwa kimo na uzito ilikuwa lini, na ni nani kati yetu atakayempeleka?