Uvungu wa Nyumba na Hewa Inayoleta Maji

Kila mwanafunzi wa bweni aujua uvungu wa kitanda, maana huko ndiko sanduku lake liliko. Lakini katika sehemu nyingi za Marekani nyumba yenyewe ina uvungu. Sakafu ya mbao hulazwa juu ya boriti, na boriti huwekwa juu ya nguzo fupi na ukuta wa matofali uliozunguka. Chini yake hubaki nafasi ya nusu meta au meta moja hivi, ambamo fundi huingia kwa kutambaa ili atengeneze mabomba. Adui mkubwa wa nafasi hiyo ni unyevu. Naandika habari zake kwa kuwa ndani yake mna somo la Fizikia tunalolisoma darasani, na kwa ajili ya wakubwa wetu waliomaliza shule ambao sasa wanajenga.

Maji ya mvua yakielekea nyumbani hutiririka humo; hilo halihitaji maelezo. Tena udongo, hata ukionekana mkavu, hutoa mvuke mchana na usiku. Mbao zikishika maji kupita asilimia 20 ya uzito wake mkavu, zimo hatarini kuota kuvu. Zikifika karibu asilimia 30, zaoza, na sakafu huanza kubonyea chini ya miguu. Wala ubaya hauishii chini. Hewa yenye joto hupanda na kutoka juu ya nyumba, na inapotoka huvuta hewa ya uvunguni ipite katika nyufa za sakafu. Basi mwenye pumu aliyelala kitandani huivuta hewa ya kuvu ambayo hajaiona.

Desturi ya zamani ilikuwa kutoboa matundu ukutani, eneo la matundu liwe sehemu moja ya 150 ya eneo la sakafu. Waliwaza kama tunavyowaza sote tunapoanika nguo: upepo hukausha. Nami naona ni wazo la akili, ila halikuuliza upepo wenyewe umebeba nini.

Tufanye hesabu. Siku ya kiangazi huko kusini-mashariki mwa Marekani, hewa ya nje yaweza kuwa na joto la nyuzi 32 za sentigredi. Katika joto hilo meta moja ya ujazo ya hewa yaweza kubeba mvuke wa gramu 34 hivi. Ikiwa imebeba asilimia 60 tu, ina gramu 20. Hewa hiyo yaingia uvunguni, ambamo udongo uliofichwa na jua, na mabomba ya hewa baridi ya kupozea nyumba, yamepunguza joto hata nyuzi 21. Kwa nyuzi 21 hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 18 na kidogo. Gramu 2 au zaidi zitakwenda wapi? Zitakaa juu ya boriti na mabomba kama matone, vile vile kama gilasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho. Kadiri matundu yanavyoingiza hewa nyingi, ndivyo maji yanavyozidi.

Jambo hili lilipimwa Princeville, katika jimbo la North Carolina, kuanzia mwaka 2001. (Mji huo ulianzishwa na Waafrika waliotoka utumwani mwaka 1865, ukapewa hati ya mji mwaka 1885.) Shirika liitwalo Advanced Energy lilichukua nyumba 12 zinazofanana. Nyingine ziliachiwa matundu, nyingine zilizibwa. Wakati wa kiangazi uvungu uliozibwa ulikuwa mkavu kuliko ule wenye matundu, na nguvu iliyotumika kupoza na kupasha nyumba joto ilipungua kwa asilimia 15 au zaidi.

Lakini kuziba tu hakutoshi, na hapa ndipo mafundi wavivu huharibu kazi. Kwanza maji ya mvua yageuzwe: michirizi paani, na ardhi iinamie mbali na ukuta. Kisha udongo wote ufunikwe kwa karatasi nene ya nailoni, vipande vipandane na kugandishwa, na kingo zipande ukutani. Ndipo matundu yazibwe, na hewa ya ndani ikaushwe kwa mashine, au kwa kupelekewa hewa kidogo iliyokaushwa ya nyumba. Juu ya nailoni huachwa ukanda wa ukuta wa sentimeta 7 au 8 bila kufunikwa, ili mkaguzi azione njia za mchwa.

Je, ghala letu la nafaka lenye miguu? Hilo liache kama lilivyo. Liko wazi pande zote, halipozwi na mashine, na joto la chini yake ni karibu sawa na la nje. Hewa ikipita haina sababu ya kuacha maji yake. Nyumba ya sakafu ya mbao iliyozungushiwa ukuta ni jambo jingine: mwenye nayo aanze kwa kufunika udongo.